Umri wa Jina na Umri wa Hesabu: Mashapo ya Bahari na Historia ya Kupasuka kwa Pwani Yetu

Mwalimu mmoja wa jiografia alitujia siku moja akiwa na maandishi mawili mkononi, yote ya Kiswahili, na yote yakieleza habari za mifupa ya Tendaguru. Andishi la kwanza lilisema kwamba mifupa ile ina umri wa miaka milioni 130. La pili likasema milioni 150. Mwanafunzi wake alikuwa amemwuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililosema uongo, naye hakuwa na jibu la kumpa. Tulipoyafuatilia tuligundua kwamba yote mawili yalikuwa tafsiri, na kwamba huko yalikotoka hapakuwa na tarakimu hata moja. Asili zote mbili zilitaja jina tu, jina la sehemu ya mwisho ya Kipindi cha Jura. Wafasiri wetu, kila mmoja kwa wakati wake, waliliona jina hilo kuwa gumu kwa msomaji, wakaliondoa, na mahali pake wakaweka hesabu waliyoikuta katika kitabu kilichokuwa karibu. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mifupa ambayo haijasogea tangu ilipofukiwa ilionekana kuzeeka miaka milioni 20 katika muda wa miaka michache.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jina na hesabu zilivyopatikana, na kwa nini hazibadilishani mahali. Tutaifuata historia ya mashapo ya bahari ya pwani yetu, kutoka Mombasa hadi Lindi, kwa sababu ni mashapo hayo yaliyoeleza lini na kwa namna gani upande huu wa Afrika ulipasuka. Na kwa sababu hapo ndipo istilahi zetu zinapopatwa na mtihani.

Neno "mashapo" tunalo tangu zamani: ni yale yanayotuama chini ya chombo kinywaji au mafuta yakishatulia. Wanajiolojia wetu walifanya vyema kulichukua, kwa maana linaeleza jambo lenyewe: mchanga, tope na makombe yanayoteremka polepole hadi sakafu ya bahari, yakakaa tabaka juu ya tabaka, na mwisho yakagandamana kuwa mwamba. Wako wanaoandika "udongo wa bahari" au "matope ya kale". Hatuwafuati. Udongo ni kitu cha kulimia na kujengea. Mashapo ni kitu kilichotua, na katika kule kutua mna utaratibu: la chini limetangulia, la juu limefuata, isipokuwa pale ardhi ilipopinduka baadaye. Utaratibu huo ndio chanzo cha elimu yote ya umri wa miamba.

Mwingereza William Smith, mpimaji ardhi aliyefanya kazi kwenye migodi na mifereji, alichapisha mwaka 1815 ramani kubwa ya miamba ya Uingereza na Wales. Alikuwa ametambua kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, na kwamba kwa visukuku hivyo tabaka moja laweza kutambulika mbali sana na lilikoonekana kwanza. Baada yake Mfaransa Alcide d'Orbigny akayagawa matabaka katika mafungu, akayapa majina, mengi yakiwa ya miji na vijiji ambako tabaka husika linaonekana wazi. Katika miaka ya 1856 hadi 1858 Mjerumani Albert Oppel akayagawa zaidi matabaka ya Jura, akitegemea hasa amonaiti, wanyama wa bahari wa ukoo wa ngisi na pweza, wenye gamba lililojikunja mfano wa pembe ya kondoo dume. Amonaiti walibadilika upesi na kusambaa mbali, kwa hiyo kila namna yao ni alama ya muda mfupi. Wote hao hawakujua hata kidogo ni miaka mingapi imepita. Walijua nani kamtangulia nani.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Katika jamii zetu nyingi vijana walioingia jandoni msimu mmoja huwa rika moja, au kama wasemavyo watu wa pwani, hirimu moja. Mzee wa zamani akiulizwa umri wake hakutaja miaka. Alitaja rika lake na jina la rika hilo, na kila aliyemsikia akajua amkalishe wapi barazani. Rika ni umri kamili, wala si umri wa kubahatisha, ijapokuwa halina tarakimu ndani yake. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba yale mafungu ya matabaka yanayotambuliwa kwa visukuku vyake yaitwe "marika": rika la Kimmeridge, rika la Tithoni, rika la Bajosi. Wengine wametumia "hatua", neno ambalo kwetu linadokeza safari yenye mwisho uliokusudiwa. Wengine wametumia "enzi", nalo lina harufu ya utawala. "Rika" linasema kwamba waliomo walikuwako pamoja, na hilo tu ndilo linalodaiwa.

Sasa turudi pwani. Mwaka 1877 Beyrich, mtaalamu wa Berlin, alieleza amonaiti waliookotwa karibu na Mombasa na msafiri Hildebrandt, akaonyesha kwamba ni wa Jura. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba bahari ilikuwa imekwisha kufika pale, nyuma ya kisiwa, katika kipindi hicho. Kati ya 1895 na 1897 Wilhelm Bornhardt alizunguka sehemu kubwa ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaandika kitabu kikubwa kilichotoka 1900, na majina kama Makonde yakaingia katika vitabu vya jiolojia kuwa majina ya matabaka. Lakini sehemu iliyofundisha zaidi ilikuwa bado haijajulikana.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aliiona mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Mwaka uliofuata alifika Eberhard Fraas, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyovifuata. Kutoka 1909 hadi 1913 Werner Janensch na Edwin Hennig, pamoja na wenzao wa Berlin, waliendesha uchimbaji uliowaajiri mamia ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilipewa mnyama mmoja wa Tendaguru mwaka 2007, yaani karibu karne moja baadaye. Mifupa ilifungwa na kuchukuliwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne. Mnyama maarufu kuliko wote alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na leo urefu wake kwenda juu unazidi mita 13.

Watu wengi huishia hapo, kwenye mifupa. Kwa shughuli yetu mifupa si kitu. Lililo muhimu ni mchanga wenye makombe. Tendaguru kuna matabaka matatu yenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu, na baina yake, na juu ya lile la mwisho, yamekaa matabaka ya mashapo ya bahari. Bahari ilipanda, ikarudi, ikapanda tena. Mifupa yenyewe haikuweza kusema rika lake, kwa kuwa wanyama wa namna ile hawakuwa wamepatikana mahali pengine kwa utaratibu unaojulikana vyema. Na mwanzoni palikuwa na ubishi kama ni wa Jura au wa Kretasia, kipindi kilichofuata. Makombe na amonaiti wa baharini ndio walioamua. Waliibana mifupa chini na juu, kama kurasa mbili zenye namba zinavyobana ukurasa usio na namba. Leo inakubaliwa kwamba matabaka yenye mifupa mingi ni ya rika la Kimmeridge na rika la Tithoni, yaani mwisho wa Jura, na kwamba mchanga wa juu kabisa umeingia Kretasia.

Miongoni mwa makombe hayo mna moja, aina ya trigonia, lililotumika kulipa jina tabaka zima. Kombe hilo lilikuwa limekwisha elezwa mwaka 1840 kutokana na miamba ya Kachchh, magharibi mwa Bara Hindi. Watu wa pwani wanaijua Kachchh kwa sababu nyingine, za biashara na majahazi. Yafaa wajue pia kwamba makombe ya ukoo mmoja yaliishi Kachchh na Lindi wakati mmoja, katika maji ya kina kifupi ambayo yalikuwa hayajawa bahari pana. Kombe la pwani halivuki bahari kuu kwa urahisi. Huu ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba Afrika, Madagaska na Bara Hindi zilikuwa karibu karibu.

Hesabu za miaka zilitoka kwingine kabisa, katika maabara. Uraniamu hugeuka kuwa risasi kwa kadiri isiyobadilika, na kwa kupima ni kiasi gani kimegeuka umri wa madini hupatikana kwa miaka. Mmoja wa walioanzisha kazi hii, Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, akaugua homa vibaya hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao. Aliishi, na mwaka 1913 akatoa kitabu chake juu ya umri wa dunia. Lakini njia hiyo hupima vizuri miamba iliyotokana na moto. Mashapo ya bahari yametokana na vumbi la miamba iliyotangulia, hivyo kuipima chembe yake ya mchanga ni sawa na kuuliza umri wa nyumba kwa kupima umri wa jiwe lililojengea. Ndipo ikawa lazima kutafuta mahali popote duniani ambapo majivu ya volkano yameangukia katikati ya mashapo yenye visukuku vya rika linalojulikana, kupima majivu yale, kisha kuihamishia hesabu ile kwa rika zima, popote lilipo.

Kazi hiyo imesahihishwa mara kwa mara. Katika jedwali la Holmes la 1947 Kipindi cha Jura kilianza miaka milioni 152 iliyopita na kwisha milioni 127. Katika jedwali lake la 1960 kilianza milioni 180 na kwisha milioni 135. Majedwali ya sasa yanakianzisha milioni 201, na mwisho wake wanauweka kwenye milioni 145 hivi, wengine 143. Msomaji atazame vizuri. Mwaka 1947 kulikuwa na wakati ulioitwa "miaka milioni 150 iliyopita", nao ulikuwa ndio mwanzo wa Jura. Leo tarakimu hizo hizo zinaangukia karibu na mwisho wake. Aliyeandika "Kimmeridge" mwaka 1914 maneno yake yanasomeka leo bila kosa. Aliyeandika hesabu mwaka 1950 ameachwa nyuma, na hana kosa ila kwamba hakututajia jedwali alilolitumia. Hapo ndipo palipozaliwa ile miaka milioni 20 ya mwalimu wetu.

Kosa hili lina uzito kuliko mashindano ya maandishi mawili ya makumbusho, maana historia ya kupasuka kwa bara imejengwa juu ya kulinganisha marika. Kabla ya Jura mashapo ya upande wetu ni ya nchi kavu, ya mito na vinamasi, ambayo ndiyo yenye makaa ya mawe ya kusini. Kisha visima vilivyochimbwa na watafuta mafuta huko Mandawa, kati ya Kilwa na Lindi, vilikuta chumvi nene chini ya ardhi. Chumvi ya namna hiyo hutua pale maji ya bahari yanapoingia katika ghuba iliyobanwa, yakakauka, yakaingia tena: ni dalili ya bonde lililoanza kufunguka na kunywa bahari kwa kijiko. Halafu katika rika la Bajosi na yaliyo jirani nalo, katikati ya Jura, inaonekana miamba ya chokaa ya bahari iliyo wazi, upande wa Tanga ambako mapango ya Amboni yamo ndani yake, na Kambe nyuma ya Mombasa. Upande wa magharibi wa Madagaska mfuatano unafanana: kwanza nchi kavu, kisha bahari ya Jura. Pande mbili za mlango zilikuwa zikisimulia habari moja kwa mpango mmoja.

Hata hivyo mashapo hayakuweza peke yake kusema Madagaska ilitoka wapi. Tangu Alexander du Toit alipoiweka kando ya Kenya na Tanzania katika kitabu chake cha 1937, wako waliomkubali, wako walioiweka kando ya Msumbiji, na wako walioshikilia kwamba kisiwa hakikuhama kamwe. Ubishi ulipata jibu mwaka 1983, pale Rabinowitz, Coffin na Falvey walipoonyesha milia ya usumaku kwenye sakafu ya bahari nje ya Somalia na Kenya. Sakafu mpya ya bahari inapozaliwa huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati ule, na kwa kuwa mwelekeo huo umegeuka mara nyingi, milia hutokea sambamba pande zote mbili za ufa, mfano wa khanga yenye pindo mbili zinazofanana. Milia ile ilielekea mashariki na magharibi. Maana yake kisiwa kilisogea kutoka kaskazini kwenda kusini. Waandishi wale walisema mwendo ulianza katikati ya Jura na kukoma mwanzoni mwa Kretasia, kisiwa kilipofika mahali kilipo. Walitumia majina. Kwa majedwali ya leo twaweza kusema ni kati ya miaka milioni 170 na 120 hivi iliyopita. Lakini hilo ni nyongeza yetu, wala tusiwawekee kinywani.

Hapa tunaona haja ya istilahi nyingine. Ramani huwadanganya wanafunzi: kwa kuwa kisiwa kipo mashariki yetu, hudhani kilivutwa kwenda mashariki kama mlango unaofunguliwa. Nasi tunawasaidia kudanganyika kwa kutumia neno "ufa" kwa kila kitu. Bonde la Ufa ni mahali ambapo pande mbili zinaachana. Lakini ule ukingo uitwao Davie, chini ya Mlango wa Msumbiji, ni mahali ambapo Madagaska ilipita ubavuni mwa Afrika, ikikwaruzana nayo. Tunapendekeza "mpasuo" kwa kuachana na "mtelezo" kwa kupitana, na "ufa" libaki jina la jumla. Mabamba ya ganda la dunia hufanya yote mawili, tena wakati mwingine bamba moja hufanya hili upande huu na lile upande ule.

Imebaki Kilwa, ambayo wafasiri wangepaswa kuiangalia kwa makini zaidi. Tangu mwaka 2002 wataalamu wakiongozwa na Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, na wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichimba visima vifupi katika maeneo ya Kilwa na Lindi ili kutoa nguzo za mwamba bila kuzivunja. Walichokipata ni tope la bahari lililoziba vizuri kiasi kwamba foraminifera, viumbe wa seli moja wenye gamba la chokaa, wamebaki wakingʼaa kama kioo. Kutokana na nguzo hizo ilisomwa kwa ukaribu mno ile nafasi ambapo Eosini iliisha na Oligosini ikaanza, miaka milioni 34 hivi iliyopita, dunia ilipopoa na foraminifera wa jamii ya Hantkenina wakatoweka. Kutoweka kwao ndiko alama ya kimataifa ya mpaka huo. Tena tope hilo lilitua kwenye maji yenye kina cha mita mia kadhaa, nalo leo linakanyagwa kwa miguu kwenye vilima vya Kilwa. Bahari peke yake haiwezi kushuka kiasi hicho. Pwani ya kusini imeinuka baada ya rika hilo, na sehemu ya historia ya mabamba inayohusu kuinuka huko inasomwa katika gamba lisilozidi punje ya mchanga.

Wataalamu hao waliyagawa matabaka wakayapa majina manne: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Majina hayo yamo sasa katika majarida ya kimataifa, na hakuna Mwingereza aliyejaribu kutafsiri Nangurukuru. Lingekuwa jambo la ajabu sisi tukijipa kazi ya kutafsiri Kimmeridge, ambacho nacho ni kijiji tu, cha pwani ya kusini ya Uingereza. Wako waliopendekeza Kretasia iitwe "Kipindi cha Chaki", kwa kuwa asili ya jina ni neno la Kilatini lenye maana hiyo. Chaki iko Ulaya. Kwetu Kretasia ni tope na mchanga, na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, imekaa katika mchanga wa kipindi hicho. Mtumishi wa wizara atakayesoma ripoti ya "visima vya Chaki" ataitafuta chaki ambayo haipo. Majina ya marika na vipindi yaandikwe kwa sauti ya Kiswahili na kuachwa yalivyo. Tithoni lenyewe si jina la mahali, bali la mtu wa hadithi za Wayunani, mume wa Alfajiri, aliyejaliwa kuishi milele asijaliwe kubaki kijana, nani angelitafsiri?

Mfasiri akilikuta jina, basi aandike jina. Akiona msomaji wake anahitaji hesabu, aiweke pembeni, ataje na mwaka wa jedwali alimoitoa. Akikuta hesabu peke yake katika maandishi ya zamani, asiisahihishe kimyakimya wala asiigeuze jina kwa kukisia. Aiache, na aonyeshe ni ya mwaka gani.

Mwalimu yule tulimwandikia sentensi moja ya kubandika darasani mahali pa zile mbili: "Mifupa ya Tendaguru imo katika matabaka ya rika la Kimmeridge na rika la Tithoni, mwisho wa Kipindi cha Jura, kwa jedwali la mwaka 2020, kati ya miaka milioni 155 na 143 iliyopita." Alituuliza kama mwaka wa jedwali ulikuwa wa lazima. Tukamwambia auache.